Kosa la Tatu

Waumini walimwita Mzee Chujio, ingawa si mbele yake. Yeye alijua na akajifanya hajui, kwa sababu jina lenyewe lilimpendeza. Maisha yake yote ya kazi alifundisha somo la Biblia shule ya sekondari, na alipostaafu kanisa likampa kazi nyingine, isiyo na mshahara lakini yenye heshima tele. Alisoma riwaya za Kikristo kabla hazijapangwa kwenye rafu za duka la vitabu la kanisa, na akasema kama mafundisho yake ni safi au yana makapi. Na kazi haikumwishia, maana siku hizi kila aliyewahi kuachwa na mchumba kisha akaokoka amejiona mwandishi.

Kazi hiyo aliifanyia kwenye meza ya kulia chakula, kiti kikiwa kimeelekea dirishani. Mkono wa kulia aliweka kalamu nyekundu na rula. Mkono wa kushoto aliweka Biblia yake, ile ambayo jalada lake lilikuwa limebandikwa karatasi za gundi hadi rangi ya asili haikuonekana tena. Alikuwa na utaratibu wake na hakuna aliyethubutu kuuingilia. Akikuta kosa la kwanza la mafundisho, alipiga mstari kwa rula na kuguna. Akikuta la pili, alivua miwani akaipangusa kwa pindo la shati. Akikuta la tatu, alifunga kitabu, na hapo hukumu imepita. Ukikuta mchanga kwenye wali mara tatu, alipenda kusema, huna haja ya kumaliza sahani ili ujue kwamba mpishi hakuchambua mchele.

Kwa hiyo alikuwa mtu wa ajabu katika mji ule: alikuwa amesoma riwaya nyingi kuliko mtu yeyote na karibu zote hakujua mwisho wake. Kichwani mwake walikaa wasichana waliopanda basi na hawakufika popote, wagonjwa ambao hawakufa wala hawakupona, na wachumba waliopiga magoti wakabaki hapohapo, magoti yakiwauma. Zile chache zilizofaulu alizisoma hadi mwisho, lakini zilikuwa chapwa kiasi kwamba dada wa dukani alizitumia kuinulia mguu wa rafu uliokuwa mfupi.

Mkewe, mkunga mstaafu, ndiye aliyemaliza. Vitabu vilivyoanguka alivichukua mezani bila kuomba, akavisomea kitandani miguu ikiwa juu ya mto, na wakati wa chakula alitoa taarifa kama mtu anayeleta habari za jirani.

"Yule kipofu ameolewa," alisema akipakua mboga.

"Sijauliza," alijibu mzee.

"Ameolewa na daktari."

"Mama, sijauliza."

Lakini masikio yake yalikuwa wazi, na mkewe alilijua hilo.

Kitu kimoja tu hakikuzungumzwa mezani pale, nacho ni habari ya binti yao wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilizoea kumwita Kitindamimba. Miaka minne ilikuwa imepita tangu alipokuja mchana mmoja kutoka chuoni, mama yake akiwa sokoni, akamkuta baba yake na rula mkononi. Akasimama upande wa pili wa meza, akasema ana mimba. Akasema aliyempa hana nia ya kumwoa. Akasema chuo ameacha. Mzee akafunika kalamu nyekundu kifuniko chake, akainuka, akaingia chumbani na kurudishia mlango. Aliporudi sebuleni binti hakuwepo. Mkewe aliporejea na kikapu chake, neno la kwanza alilokutana nalo mlangoni lilikuwa, "Ninyi mlijua. Mmekula njama." Mama wa watu akaapa kwamba hajui anachoambiwa, lakini mzee hakuwa na nafasi ya kusikiliza viapo.

Tangu hapo kila mama alipoanza kulitaja jina la binti, mzee alimkata na aya moja aliyoipenda sana, inayoahidi kwamba mtu akiuondoa uovu nyumbani mwake, Mungu atamjenga upya. Aliijua tangu ujanani, kwa kuiona kwenye kalenda ya ukutani katika ofisi ya walimu, chini ya picha ya maporomoko ya maji. Alikuwa ameifundisha kwa vizazi vya wanafunzi. Mama alinyamaza kila alipoisikia, si kwa kushawishika bali kwa kuchoka, na jioni alipiga simu akiwa uani, mgongo umeelekea nyumba.

Sasa wiki ile mama aliamua kupiga moyo konde. Alisubiri mzee amalize chai.

"Kitindamimba amepata kazi," alisema. "Mbali. Ni safari ya siku mbili. Jumapili anaondoka na mtoto, na basi lao linapita hapa mjini asubuhi."

Mzee akatazama ndani ya kikombe.

"Nataka waingie hapa ndani wale chakula. Si kituoni. Hapa, mezani. Mtoto hajawahi kukuona, na wakishafika huko sijui tutaonana lini. Mimi na wewe si vijana."

"Nitafikiri," alisema mzee, na mkewe, aliyeishi naye tangu akiwa na nywele nyeusi, alijua kwamba maana yake ni hapana.

Ni katika wiki hiyohiyo ndipo *Kiti cha Mbele* kilipofika.

Kililetwa na mchungaji mwenyewe, kimefungwa ndani ya gazeti kana kwamba ni chupa ya pombe. Mchungaji alikuwa kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mzee, na mpaka leo akikaa mbele yake alikaa wima. Alieleza kwamba riwaya hiyo imeingia kanisani bila kupitia dukani. Kwaya nzima wameisoma, akina mama wanapeana zamu, na juzi mtu aliikuta chini ya mimbari. Watu wanataka iuzwe waziwazi. Je, mwalimu anaweza kuipitia haraka?

"Wewe umeisoma?" mzee aliuliza.

"Nimeipitiapitia," alisema mchungaji, akitazama viatu vyake.

Mzee akaipitia. Ilimhusu mzee wa kanisa aliyekalia kiti cha mbele kabisa kila ibada, na binti yake aliyemtia aibu. Haikuchukua muda. Katika sura ya pili, mzee wa kanisa anamwambia jirani aliyelazwa hospitali kwamba imeandikwa, kila ugonjwa ni ushahidi wa dhambi ya siri. Mzee Chujio akapiga mstari na kuguna. Mbele kidogo anafundisha kwamba sala ya mtoto aliyemuudhi baba yake haivuki dari. Miwani ikavuliwa. Katika sura ya nne anatangaza kwamba mtu akitoa mabati ya kuezekea kanisa, dhambi zake za miaka saba zinafutwa. Mabati! Mzee Chujio akafunga kitabu kwa kishindo mpaka kijiko kikacheza kwenye sahani ya kikombe.

"Umefika wapi?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Nimefika pa kutosha."

"Hujafika pale binti anapo..."

"Mama."

Alasiri ile aliandika ripoti yake kwa raha ambayo hakuwa nayo siku nyingi. Alimshukia mwandishi, ambaye nyuma ya kitabu alijieleza kuwa ni fundi cherehani na mama wa watoto watatu, akamwita mtu anayeokota mafundisho barabarani na kuyapachika neno "imeandikwa" bila kufungua Maandiko kuona yanasema nini. Alionyesha kila kosa na ukurasa wake. Na ili ripoti iwe na uti wa mgongo, akaimalizia kwa ile aya yake: kanisa liuondoe uovu huu nyumbani mwake, na Mungu atalijenga upya. Akapiga mstari mara mbili chini ya maneno, "Neno la Mungu liko wazi."

Ripoti ikabandikwa mlangoni mwa duka la vitabu.

Alipopita hapo baada ya siku mbili kununua wino, alikuta foleni. Dada wa dukani, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, alimtengea kiti kama mgeni wa heshima.

"Mzee wangu, Mungu akuweke," alisema. "Vimetoka vyote. Nimeagiza vingine na bado havitoshi."

"Vipi?"

"*Kiti cha Mbele*, mzee. Hawakitaji hata jina. Mtu anaingia, anasema nipe kile kilichokataliwa. Na ulivyowawekea kurasa umewarahisishia sana, wanafungua palepale."

"Mbona unauza kitabu nilichokikataa?"

"Mchungaji alisema nisikiweke kwenye rafu. Sijakiweka. Nakitoa kwenye boksi." Akainama, sauti ikashuka. "Kuna kingine pale kinadoda, kuhusu malaika mlinzi. Ungenikatalia na hicho, mzee, ungenisaidia mno."

Alitoka pale amefura. Mlangoni alikutana na mchungaji, na huyo, baada ya kumeza mate mara kadhaa, alisema kwamba kamati ya vitabu itakaa Jumamosi kuizungumzia ripoti, kwa sababu baadhi ya akina mama wameleta malalamiko.

"Malalamiko gani?"

"Wanasema yale maneno, mwalimu, si ya mwandishi. Ni ya yule mzee wa kanisa. Na yule mzee ndiye... yaani kitabu chenyewe kinamsuta. Mwishoni."

"Kosa ni kosa," alisema Mzee Chujio. "Sijali limetoka mdomoni mwa nani. Msomaji anakunywa sumu sura ya pili, wewe unamwambia dawa iko sura ya ishirini?"

Lilikuwa jibu zuri, na alilirudiarudia njiani hadi nyumbani ili asilisahau.

Ijumaa asubuhi alikaa kujiandaa. Alitaka kamati ikute ukuta. Akaamua kwamba ile aya ya mwisho haitoshi kutajwa tu, ataisoma pamoja na aya zinazoitangulia na zinazoifuata, ili akina mama waone uzito wake. Akaifungua Biblia penye Ayubu, akaipata aya yake, ikiwa na mstari aliouchora mwenyewe ujanani. Akarudi nyuma kidogo kutafuta pa kuanzia. Akarudi tena. Hapo akaona aliyekuwa akisema.

Hakuwa Mungu. Hakuwa hata Ayubu. Alikuwa Elifazi, mmoja wa wale rafiki waliokuja kumfariji mgonjwa wakaishia kumsomea mashtaka.

Mzee alivua miwani akaipangusa. Habari za Elifazi alizijua, nani asiyezijua, alikuwa ameuliza maswali ya mtihani juu yake. Ila hakuwahi kuzikutanisha. Elifazi alikaa mahali pake kichwani, na ile aya ilikaa mahali pake, chini ya maporomoko ya maji. Sasa alisoma mbele kwa kidole, sura baada ya sura, kama mwanafunzi anayetumaini mwalimu amekosea kusahihisha. Akafika mwisho, pale Mungu anapomgeukia Elifazi mwenyewe na kumwambia kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa sababu hawakusema yaliyo kweli.

Nje mtu alikuwa anatwanga kitu na kinu kilisikika chumba kizima.

Alikuwa ameandika, na ikabandikwa mlangoni kwa watu wote, kwamba fundi cherehani mmoja anapachika "imeandikwa" bila kuangalia ni nani anayesema. Hilo pekee lilitosha kumfanya mtu ahame mji. Lakini si hilo lililomkaa kifuani. Kilichomkaa kifuani ni kwamba kwa aya hiyohiyo alikuwa amemfungia mtoto wake mlango kwa miaka minne, na mama yake akanyamazishwa nayo mezani hapa kila alipofungua mdomo. Aliona aibu, aibu ya kweli. Kisha akawaza kama mkaguzi, maana mazoea ni mazoea: kwa utaratibu wake, angeikagua habari ya Ayubu, angeifunga Elifazi alipofungua kinywa tu, na angeirudisha kwa wachapaji.

Alikwenda chumbani. *Kiti cha Mbele* kilikuwa juu ya mto wa mkewe, kimefunguliwa kifudifudi. Akakichukua, akarudi nacho mezani, na bila kugusa kalamu akaanza pale penye mabati.

Ukweli usemwe, mwisho wenyewe ulikuwa wa ovyo. Bibi aliyekwisha kufa alitokea ndotoni akatoa ushauri, na hilo lilikuwa kosa halisi la mafundisho, si la kusingiziwa. Mvua ilinyesha kila mtu alipolia. Yule mzee wa kanisa alichukua kurasa tatu nzima kugeuka kwenye kiti chake cha mbele ili amwone binti aliyeketi mlangoni na mtoto. Ilikuwa kazi ya mtu ambaye hakusomea kuandika. Mzee Chujio aliyaona yote hayo, akayatambua moja moja, huku machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu, na alipomaliza ilimbidi akaushe ukurasa kwa pindo la shati.

Mkewe alipita na ndoo, akamtazama, akatazama kitabu, akaendelea na safari yake. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kuwa na la kumcheka na asiseme.

Jumamosi kamati ilikaa katika chumba cha shule ya Jumapili, watu wazima kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Akina mama walikuwa wamekuja na nakala zao, zimewekwa alama za karatasi. Mzee alisimama kabla hajaitwa. Alisema amekagua upya, na amekuta kosa moja la kitabu na moja kubwa zaidi la ripoti. La kitabu ni bibi wa ndotoni. La ripoti ni lake yeye: amewakatia watu hukumu kwa maneno ya Elifazi akidhani ni ya Mungu, na hakuwa amemaliza kusoma, si kitabu, si Ayubu.

Akangoja wamrarue. Badala yake mwenyekiti wa akina mama alifuta macho, akasema hajawahi kuona unyenyekevu kama huo. Wakapiga makofi. Wakapitisha kwa kauli moja kwamba mtu mwenye moyo wa namna hiyo ndiye hasa anayefaa kuwakagulia vitabu, na palepale mchungaji akamkabidhi vingine vitatu, cha juu kikiwa kile cha malaika mlinzi. Dada wa dukani, aliyeketi kando ya mlango, alikunja uso. Alijua mzee sasa hatakataa vitabu kirahisi, na mauzo yatashuka.

Mzee alifika nyumbani mchana na vitabu kwapani. Makofi yale hayakuwa yamemsaidia chochote. Mkewe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Kamati imesemaje?"

"Imenisifu," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa. Kisha akasema, "Naomba simu yako. Yangu haina namba yake."

Mama hakuuliza namba ya nani. Alipangusa mikono, akaitafuta namba, akabonyeza, akamwekea simu mkononi. Halafu akarudi kwenye ungo wake, lakini mkono haukuchambua tena.

Iliita sana.

"Mama, niko kwenye kufunga mizigo," ilisema sauti. Nyuma yake mtoto aliimba kitu kisicho na mwanzo wala mwisho.

"Si mama," alisema mzee.

Wimbo wa mtoto uliendelea peke yake.

"Shikamoo, baba," alisema binti.

"Marahaba." Alikuwa ameandaa hotuba njiani, yenye utangulizi, na sasa haikuwepo. Akakitazama kiti cha upande wa pili wa meza. "Mwanangu, ile siku uliposimama hapa. Mimi niliinuka. Nadhani ulikuwa hujamaliza."

"Baba, ni miaka minne."

"Najua."

"Unataka nini sasa?"

"Nataka uendelee pale ulipoishia."

Alimsikia akimwambia mtoto aende akacheze na ndoo. Mlango ukafungwa.

"Nilikuwa nataka kukwambia kwamba mama bado hajui," alisema Kitindamimba, kwa sauti iliyofika hadi penye ungo. "Kwamba sijamwambia mtu yeyote. Nilijua yuko sokoni, ndiyo maana nikaja saa ile. Nilikuja kwako kwanza, baba, kwa sababu wewe ulikuwa ukinisikiliza kuliko mama, tangu nikiwa mdogo. Nilifikiri utajua tufanye nini."

Mama, aliyeambiwa miaka minne kwamba alikula njama, aliteremsha ungo polepole hadi sakafuni. Mzee hakuweza kumwangalia. Aliishika simu kwa mikono miwili. Kisha akavuta kiti, akaketi, akavisogeza kando vile vitabu vitatu.

"Halafu?" aliuliza.